Seli huharibika kila siku, na kila siku hujikarabati

Mkulima anayepalilia saa sita mchana, mwashi aliye juu ya ukuta, mvuvi aliye ngalawani na mwanafunzi anayecheza mpira wote wanapigwa na jua moja. Mionzi yake, hasa ile isiyoonekana kwa macho iitwayo urujuanimno, hupenya kwenye ngozi na kuvuruga vinasaba, yaani DNA, inayobeba maelekezo ya namna mwili unavyojengwa na kufanya kazi. Saa moja ya jua kali yaweza kuacha hitilafu makumi ya maelfu katika DNA ya seli moja tu ya ngozi isiyofunikwa. Kesho yake watu hao watarudi kazini, na wengi wao watazeeka bila kuugua saratani ya ngozi.

Wanaokolewa na mambo mawili. La kwanza ni melanini, ile rangi ya ngozi inayomeza sehemu kubwa ya mionzi kabla haijaifikia DNA. La pili, ambalo halizungumzwi sana, ni kwamba kila seli ina protini maalumu zinazoikagua DNA usiku na mchana, zikakata palipoharibika na kujenga upya. Kazi hiyo haiishii kwenye ngozi. Inafanyika kwenye ini, kwenye utumbo na kwenye ubongo, na inafanyika ndani ya kila kiumbe hai, kuanzia bakteria hadi tembo.

Jambo hili linapaswa kujulikana na watu wote, kwa sababu katika jamii zetu saratani bado inahusishwa na laana, kurogwa au adhabu. Ukweli ni kwamba saratani nyingi huanza pale uharibifu wa DNA unapouzidi uwezo wa mwili wa kuurekebisha. Anayeielewa hesabu hiyo anajua pia mahali pa kuingilia kati: kupunguza uharibifu, na kuwalinda zaidi wale ambao mzigo wao ni mkubwa kuliko wa wengine.

DNA huoza, lakini haiachwi ioze

Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30. Ukiacha chembe nyekundu za damu, ambazo huitupa DNA yake zinapokomaa, karibu kila seli imebeba nyuzi za DNA ambazo zikiunganishwa na kunyooshwa hufikia urefu wa takriban mita 2. Ndani yake mna herufi za kemikali za aina nne, A, T, C na G, zipatazo bilioni 6. Kila uzi una pande mbili zinazokamilishana: A hukaa mkabala na T, na C mkabala na G. Upande mmoja ukiharibika, ule wa pili hubaki kuwa shahidi wa kilichokuwapo. Uwezo wote wa ukarabati umejengwa juu ya ushahidi huo.

Hadi miaka ya 1960 wanasayansi wengi waliamini kwamba DNA ni kitu imara kisichoharibika kwa urahisi. Tomas Lindahl, mtafiti wa Sweden aliyezaliwa Stockholm mwaka 1938, alilitilia shaka wazo hilo. Akiwa na maabara yake katika Taasisi ya Karolinska, alipima na kuona kwamba DNA huoza polepole hata ikikaa kwenye maji matupu, bila sumu wala mionzi. Herufi C hupoteza kipande chake ikageuka kuwa U, herufi isiyopaswa kuwamo katika DNA. Herufi A na G hubanduka zenyewe, na hasara hiyo hufikia maelfu kwa siku katika kila seli.

Kwa mwendo huo, uhai usingedumu. Lindahl akahitimisha kwamba lazima kuna kitu kinachorekebisha, akaanza kukitafuta. Mwaka 1974 alitangaza kwamba amekipata ndani ya bakteria: kimeng'enya ambacho kazi yake pekee ni kuipitia DNA, kuitambua U na kuing'oa. Vimeng'enya vingine hufuata nyuma yake, kimoja kikikata, kingine kikiingiza herufi sahihi, na cha mwisho kikiunga uzi.

Mabaharia wetu hawatalishangaa jambo hili. Jahazi halidumu miaka mingi kwa sababu mbao zake haziozi. Hudumu kwa sababu kila baada ya muda hupandishwa pwani likakalafatiwa. Vivyo hivyo, viumbe havikudumu duniani kwa kukwepa uharibifu. Vilidumu kwa kurekebisha.

Daktari wa Savur na kiraka cha herufi 30

Aziz Sancar alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, kusini-mashariki mwa Uturuki, kwa wazazi ambao hawakuwa wamesoma lakini waliithamini sana elimu. Alisomea udaktari Istanbul na akatibu wagonjwa vijijini kabla ya kwenda Marekani kufanya utafiti. Kilichomvuta ni ajabu iliyokuwa imeonekana maabara: bakteria waliopigwa mionzi ya urujuanimno kiasi cha kukaribia kufa walipona wakimulikwa mwanga wa buluu. Mwaka 1976, akiwa Dallas, alifaulu kuitenga jeni ya kimeng'enya kinachotumia mwanga huo kurekebisha DNA.

Mafanikio hayo hayakumpatia kazi. Maombi yake matatu ya nafasi za utafiti yalikataliwa, na ili aendelee na kazi aliyoipenda alikubali kuwa fundi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Yale. Hapo ndipo alipoushughulikia mfumo wa pili, ule usiohitaji mwanga, na mwaka 1983 akaeleza unavyofanya kazi. Mfumo huo wa pili ndio unaotuhusu sisi, kwa sababu binadamu hatuna kimeng'enya cha mwanga wa buluu.

Tutazame kwa karibu kinachotokea. Mionzi inapogonga mahali penye herufi T mbili zilizokaa jirani, herufi hizo huacha kuwatazama wenzao wa upande wa pili na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Uzi wa DNA hupinda kidogo mahali hapo, na mtambo wa kunakili ukifika hukwama. Protini za doria huhisi ule mpindo. Kundi jingine la protini huja likazitenganisha pande mbili za uzi, na kufungua nafasi ya kufanyia kazi. Kisha upande ulioharibika hukatwa mara mbili, kushoto na kulia mwa hitilafu, na kipande cha herufi zipatazo 30 huondolewa chote. Pengo hujazwa kwa kuufuata upande mzima kama kielelezo, na mwisho uzi huungwa. Herufi mbili zimeharibika, lakini mwili hautaki kubahatisha, hivyo huondoa 30. Hitilafu nyingine hurekebishwa kwa saa chache, nyingine huchukua siku nzima au zaidi.

Mtu wa tatu katika historia hii ni Paul Modrich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyechunguza makosa ya aina nyingine: yale yanayotokea seli inaponakili DNA yake ili igawanyike. Mtambo wa kunakili hukosea takriban mara moja katika kila herufi 100,000. Wenyewe hurudi nyuma na kusahihisha sehemu kubwa ya makosa hayo. Yanayobaki hutafutwa na mfumo aliouchunguza Modrich, ambao huzikagua herufi zisizooana na kupunguza makosa mara elfu moja nyingine. Mwishowe hubaki kosa moja hivi katika herufi bilioni. Mwaka 2015 Lindahl, Modrich na Sancar walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Yanayoponyoka

Hata hivyo, makosa machache huponyoka. Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya kati ya 60 na 70 hivi ambayo hayamo katika DNA ya baba wala ya mama. Mengi hayana madhara. Ni asilimia 2 hivi tu ya DNA yetu inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, kwa hiyo mabadiliko mengi huangukia kwingineko. Isitoshe, karibu kila jeni tunayo mara mbili, moja kutoka kwa kila mzazi, na mara nyingi nakala nzima huziba upungufu wa ile mbovu.

Selimundu inalionyesha hilo vizuri. Chanzo chake ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni ya protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Mwenye nakala moja iliyobadilika kwa kawaida ana afya njema. Mwenye nakala mbili ndiye anayeugua. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki yaliyoonyesha kwamba mwenye nakala moja analindwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana badiliko hilo limeenea katika ukanda wetu, na ndiyo maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Badiliko lile lile laweza kuwa ngao kwa mmoja na ugonjwa kwa mwingine.

Seli inapoamua kujiua

Zipo nyakati ambapo uharibifu ni mkubwa mno. Hapo huingia protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. DNA inapoharibika, p53 huisimamisha seli isigawanyike ili ipate muda wa kurekebishwa. Ikiwa haifai tena, p53 huiamuru ijiue kwa utaratibu, kabla haijazaa seli nyingine zenye kasoro ileile. Ngozi inayobabuka baada ya kuungua na jua imejaa seli zilizokufa kwa namna hiyo.

Katika karibu nusu ya saratani zote za binadamu, jeni ya p53 yenyewe imeharibika. Na si lazima jeni iharibike ndipo ulinzi huo upotee. Kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya shingo ya kizazi, hutengeneza protini inayoiangamiza p53 ndani ya seli, na hivyo kuacha makosa yajikusanye bila wa kuyazuia. Chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018, inalinda ulinzi huo. Mzazi anayemkataza binti yake kuchanjwa kwa uvumi wa mitaani anapaswa kulijua hili.

Tembo wetu wametoa somo kubwa katika eneo hili. Mwaka 1977 mtafiti wa Uingereza, Richard Peto, aliuliza swali gumu: kama kila seli inaweza kugeuka saratani, kwa nini wanyama wakubwa, wenye seli nyingi mno kuliko sisi, hawaugui saratani kuliko sisi? Tembo dume wa Afrika hufikia tani 6 na huishi miaka 60 au zaidi. Kwa hesabu ya seli peke yake, angepaswa kufa kwa saratani akiwa bado mdogo. Lakini inakadiriwa kwamba tembo wanaokufa kwa saratani hawafiki asilimia 5.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitangaza sehemu ya jibu. Binadamu hurithi nakala moja ya jeni ya p53 kutoka kwa kila mzazi. Tembo hurithi 20 kutoka kwa kila mmoja, jumla 40. Seli za tembo zilipopigwa mionzi maabara, zilijiua kwa kiwango cha takriban mara mbili ya seli za binadamu. Tembo hangoji: seli yenye mashaka huondolewa mapema, na nyingine huchukua nafasi yake.

Viumbe wengine wamepita njia zao. Fuko wasio na manyoya, wanaochimba mashimo katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, hawazidi ukubwa wa panya, lakini huishi zaidi ya miaka 30 na ni nadra sana kuugua saratani. Bakteria aitwaye Deinococcus radiodurans, aliyegunduliwa Marekani mwaka 1956 ndani ya kopo la nyama iliyokuwa imepigwa mionzi ili iue vijidudu vyote, hustahimili mionzi mara elfu moja ya ile inayomuua mtu. DNA yake hukatika vipande mamia, naye huviunganisha tena kwa mpangilio sahihi kwa muda wa saa chache, kwa sababu hubeba nakala kadhaa za kulinganishia na kwa sababu protini zake za ukarabati zimelindwa vyema.

Mzigo unapozidi

Umuhimu wa mfumo huu huonekana zaidi pale unapokosekana. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na kasoro katika ule mfumo wa kukata herufi 30. Ugonjwa wao huitwa xeroderma pigmentosum. Jua la kawaida huwajaza madoa, na wengine hupata saratani ya ngozi kabla ya kufika umri wa kwenda shule. Mwaka 1968 mtafiti James Cleaver, akiwa San Francisco, alionyesha kwamba seli zao zinashindwa kurekebisha DNA. Vivyo hivyo, wanawake waliorithi kasoro katika jeni za BRCA1 au BRCA2, zinazohusika na kuunga DNA iliyokatika pande zote mbili, wako kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti na ya ovari.

Watu wenye ualbino wana hali tofauti, nayo inahitaji kueleweka vizuri. Mfumo wao wa ukarabati ni mzima kabisa. Wanachokosa ni melanini, kwa hiyo mionzi ambayo kwa wengine ingezuiliwa njiani huifikia DNA yao moja kwa moja. Protini zile zile, zenye uwezo ule ule, hulazimika kubeba kazi kubwa kupita kiasi kila siku, tangu utotoni. Makosa hujikusanya usoni, masikioni, shingoni na mikononi, na saratani ya ngozi huwaua wengi wao wakiwa bado vijana.

Kwa miaka mingi Tanzania imeomboleza ndugu zetu wenye ualbino waliouawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na vita hivyo ni lazima viendelee. Lakini vifo vinavyoletwa na jua hutokea kimya kimya na havipati vichwa vya habari, ilhali vinazuilika. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa mahsusi kwa watu wenye ualbino. Yakipakwa kila siku pamoja na kuvaa kofia pana na nguo za mikono mirefu, hupunguza hitilafu hadi kiwango ambacho mwili unaweza kukimudu. Mtoto mwenye ualbino anayelazimishwa kusimama gwaride juani bila kofia kwa kuwa kofia si sehemu ya sare anadhulumiwa, hata kama mwalimu hana nia mbaya.

Mzigo mwingine hauonekani kabisa, nao uko kwenye chakula. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ikiliwa, ini hujaribu kuivunja, na katika kuivunja huigeuza kuwa kemikali inayong'ang'ania herufi G za DNA. Hitilafu hizo hupenda hasa kuangukia sehemu moja ya jeni ya p53, na alama hiyo imekutwa katika saratani nyingi za ini za watu wa maeneo yenye sumukuvu nyingi. Ikiwa mtu ana pia maambukizi ya homa ya ini B, hatari huongezeka maradufu kadhaa.

Sumu nyingi kwa mkupuo huua bila kusubiri saratani. Mwaka 2004 watu 125 walifariki nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 watu 20 walifariki Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini kiasi kidogo kinacholiwa kila siku katika ugali na uji wa mtoto ndicho kinacholichosha ini mwaka baada ya mwaka. Kinga yake haihitaji maabara: kuanika mahindi juu ya turubai badala ya ardhini, kuyakausha sawasawa kabla ya kupukuchua na kuhifadhi, kutumia mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, kutupa punje zilizovunda hata kama njaa inauma, na kuhakikisha mtoto anamaliza chanjo zake, ikiwamo ya homa ya ini B.

Kwa nini mionzi hutolewa siku nyingi

Elimu hii inatumika pia kutibu. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, mgonjwa anayepewa tiba ya mionzi mara nyingi huambiwa afike siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Wagonjwa na ndugu zao huuliza kwa nini dozi isitolewe mara moja wakarudi kwao Sumbawanga au Lindi.

Jibu liko katika ukarabati. Mionzi hiyo huikata DNA ya seli za saratani na ya seli nzima zilizo jirani. Seli nzima zina mfumo kamili wa kurekebisha, kwa hiyo kati ya dozi ya leo na ya kesho hujirekebisha kwa kiwango kikubwa. Seli za saratani, ambazo nyingi zilifikia hapo kwa kupoteza sehemu ya mfumo huo, hushindwa kujirekebisha kikamilifu, na kila dozi huongeza madhara juu ya madhara. Dozi yote ikitolewa kwa siku moja, seli nzima za jirani nazo zingeangamia. Dozi zikikatizwa njiani, saratani hupata nafasi ya kujijenga upya. Mgonjwa anayekatiza tiba wiki ya tatu kwa kukosa nauli au mahali pa kulala amepoteza zaidi ya siku alizokosa.

Zipo pia dawa mpya zilizobuniwa kwa hesabu hiyo hiyo. Seli ya saratani iliyokwisha kupoteza BRCA hubaki ikitegemea njia nyingine za kuunga DNA. Dawa kama olaparib, iliyoidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014, huifunga mojawapo ya njia hizo, na seli hufa. Seli nzima, yenye BRCA yake, huendelea kuishi.

Mwili wa kila mmoja wetu umekwisha kufanya sehemu yake bila kuombwa. Sehemu iliyobaki ni ya jamii, nayo inajulikana. Mafuta ya kuzuia jua yapatikane katika kila zahanati na kila mtu mwenye ualbino apewe bila malipo, kama anavyopewa dawa mgonjwa mwingine anayeihitaji ili aishi. Mahindi yapimwe sumukuvu kabla ya kusagwa unga wa kuuza, na mkulima asaidiwe kupata turubai kabla ya kulaumiwa. Mgonjwa anayetoka mbali apatiwe nauli na malazi hadi dozi ya mwisho. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kutibu saratani iliyokwisha kukomaa, na hiyo ndiyo hesabu ambayo wizara, halmashauri na kila familia inapaswa kuifanya sasa.